Ijazwe na Anayemjua Zaidi

Nilikuwa nimechoka kabla hata ya kupewa ile fomu. Ninalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani nilikuwa shahidi mzuri.

Baba mkwe wangu alikuwa amekaa kwetu Kitale miezi minane. Nasema kwetu, lakini ndani ya nyumba hakukaa. Ukoo wa mume wangu ni watu wa Bungoma, na kwao mzee halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Hamshikani mikono, hamli meza moja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja hupisha mbali ili hata nguo zisigusane. Mimi nilizaliwa hapa hapa Trans-Nzoia, kwa wazazi waliotoka sehemu za kati kutafuta shamba, na kwetu baba mkwe ni mtu unayempa kiti na kumuuliza habari za safari. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha hayo mengine nilipoolewa, polepole, bila kunichekelea nilipokosea. Nikayashika. Kwa miaka ishirini na miwili sikuwa nimewahi kumshika mzee huyu mkono.

Basi alipoletwa tuliondoa magunia ya mahindi kwenye stoo, tukaziba mlango uliokuwa ukiingia nyumbani, tukatoboa mwingine upande wa uani. Humo ndimo alimowekwa. Ukuta wa stoo ile ndio ukuta wa baraza ninaposhonea. Nashona sare za shule, na cherehani yangu iko pale kwa sababu ndipo penye mwanga. Watoto wako shule za bweni, na mume wangu ni karani wa kupitisha mizigo mpakani Lwakhakha, anakuja Jumamosi na kurudi Jumapili baada ya chakula. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ua wote ule ulikuwa na watu wawili, mimi na mzee nisiyepaswa kumtazama.

Chakula nilikiweka kwenye sinia juu ya kigoda nje ya mlango wake. Nilibisha mara mbili, nikarudi barazani, nikageuza mgongo. Nilisikia komeo, nilisikia sinia likiinuliwa, nilisikia akinawa. Tukizungumza, tulizungumza kupitia ukutani, kila mtu akitazama kwake. Kumpikia mtu mmoja zaidi si kazi ya kumlalamikia Mungu. Kilichonichosha ni kusikiliza. Mara mbili alikuwa amefungua lango na kwenda hadi stendi kutafuta gari la kurudi kwake Bokoli, akiwa na kofia ya marehemu mkewe kichwani. Tangu siku hiyo sikushona mstari mmoja bila kutega sikio nisikie lango.

Huko Bokoli watu walimwita daktari wa ng'ombe. Hakuwa daktari, alikuwa msaidizi tu wa mifugo, lakini ndiye aliyekuwa akifika. Alisifika kwa kutosema. Alifika bomani, alishika ng'ombe, alichoma sindano, alinawa mikono, alisema siku atakayorudi, basi. Mama mkwe alikuwa akiniambia kwamba alimposa kwa maneno ambayo angeweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki.

Mkewe alipofariki alikaa peke yake miaka kadhaa bila shida. Kisha simu za kutoka kijijini zikaanza. Amecheka mazishini. Amesimama kanisani katikati ya mahubiri akamuuliza mhubiri kama yeye mwenyewe ameshawahi kuchunga kondoo. Anawatania akina mama kwenye mashine ya kusaga, yeye ambaye hata salamu aliitoa kwa kipimo. Chai aliyokuwa akiinywa bila sukari sasa anaijaza vijiko sita.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mume wangu alisema ni uzee. Ndugu yake mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu mjini Bungoma, alisema ni upweke. Akina mama wa kanisa walisema ni furaha ya wokovu. Mjomba mmoja akasema jambo lililowatuliza wengi: mzee alipewa jina la babu yake, na babu huyo alikuwa mtu wa mzaha, kwa hiyo jina limeamka. Kwao mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na pamoja na jina huletewa pia tabia. Siwezi kuwacheka. Kwetu nami nilipewa jina la bibi mzaa baba, mwanamke ambaye inasemekana hakuwa na subira hata kidogo, na kila nikikasirika shangazi zangu hutazamana na kusema, huyo sasa amefika. Nimekua nikijua kwamba hasira zangu si zangu hasa.

Mzee mwenyewe alikuwa na neno moja. Kila asubuhi, kabla sinia halijapoa, nilisikia ukuta ukigongwa.

"Mama. Leo ni siku gani?"

"Jumanne, Baba."

"Mimi naenda nyumbani lini?"

"Baba watoto akija, mtaongea."

"Haya."

Wana wakakubaliana kwamba daktari ndiye aamue. Akisema mzee ni mzima, atarudi Bokoli na jamaa mmoja atakuwa akipita kumwangalia. Akisema si mzima, atabaki kwangu, "kwa sababu wewe si uko tu nyumbani," shemeji yangu alivyosema kwenye simu, na huku mguu wangu uko kwenye cherehani na kaptula kumi na nane zinangojewa. Nilitaka mzee aende. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka kuamka siku moja nisisikilize chochote.

Hospitalini walimpima damu na macho, wakamtuma kwa mwanasaikolojia. Tulifika Ijumaa, mume wangu akiwa ameomba ruhusa kazini, mzee na wanawe kwenye tuktuk, mimi nyuma yao kwenye bodaboda, maana tuktuk ingetubana goti kwa goti. Mwanasaikolojia alikuwa binti mdogo mwenye mafua, na chumba chake kilikuwa na meza na viti vitatu. Wanaume waliingia. Mimi nikakaa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi, mahali nilipoweza kusikia bila kuona. Kazi hiyo nilikuwa nimeizoea.

Binti alianza kwa kumpa mzee maswali yake mwenyewe. Alimsomea sentensi, naye alitakiwa kutaja namba, moja kama haimhusu kabisa, tano kama inamhusu kabisa. Mimi ni mtu mchangamfu. Tatu. Mimi hukasirika upesi. Tatu. Mimi hupanga kazi zangu vizuri. Tatu. Baada ya tatu kama ishirini hivi, binti aliweka kalamu.

"Mzee, mbona zote ni tatu?"

"Wewe unaniuliza mimi juu ya mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mtu mzima hajisifu, na hajitukani. Weka tatu."

Nilisikia mume wangu akikohoa ili asicheke. Binti naye hakucheka. Aliwaeleza wana kwamba hilo hutokea sana, ndiyo maana kuna fomu nyingine ya watu wa karibu. Kisha akatoka kutafuta karatasi, akaniona kwenye benchi.

"Na huyu mama ni nani?"

"Huyo ni mke wa ndugu yangu," shemeji akasema. "Huyo hawezi kumjua mzee. Kwetu hiyo haiko."

"Anakaa na nani siku zote?"

Nilisikia kiti kikisogezwa. Halafu mzee akasema, kwa sauti ile ile ya kupitia ukutani, "Daktari, ng'ombe huwezi kumuuliza kama anapiga teke. Unauliza mwenye anamkamua. Mpatie huyo wa nje."

Fomu zikawa tatu. Juu ya kila moja palikuwa pameandikwa: Ijazwe na mtu anayemjua mhusika zaidi. Wana walijaza zao pale pale, wakiegemea dirisha. Mimi niliomba kwenda na yangu nyumbani, niirudishe Jumatatu. Wakati wanaume wanamsaidia mzee kupanda tuktuk, binti alinisogelea na kunieleza kazi ilivyo, pua yake ikiwa kwenye kitambaa.

Alisema tabia za watu zina maneno mengi, lakini wataalamu wakiyakusanya maneno hayo huona yanajipanga katika mafungu kama matano. Jinsi mtu anavyopokea mambo mapya. Jinsi anavyoshika kazi na utaratibu. Jinsi anavyochangamkia watu. Jinsi anavyowajali. Na jinsi anavyobeba wasiwasi. Hakuna aliye na fungu moja tu, wala aliyekosa moja kabisa. Tofauti yetu ni kiasi. Na mtu akishakuwa mtu mzima, kiasi hicho hubadilika polepole sana. Huzuni inaweza kukisukuma, uzee unaweza kukisukuma, lakini kidogo.

"Sasa kikigeuka haraka," akasema, "tunaacha kuuliza tabia, tunauliza ubongo. Kwa hiyo mama, usiniandikie kama yeye ni mzuri ama mbaya. Niandikie tu alikuwa nani, na sasa ni nani."

Nikamuuliza kama watu watatu wakiandika vitu vitatu tofauti atajuaje nani amedanganya.

"Inaweza kuwa hakuna. Kila mtu ameona upande wake."

Jioni ile mume wangu alinionyesha nakala yake, aliyoipiga picha kwa simu, na ya ndugu yake. Kila sentensi ilikuwa na sehemu mbili, kushoto miaka mitano iliyopita, kulia sasa. Walikuwa wamejaza kushoto na kulia namba zile zile. Ni mvumilivu, tano na tano. Huwajali wengine, tano na tano. Hufikiri kabla ya kutenda, tano na tano. Nilijua nimeyasoma mahali. Ndivyo tunavyoandika wasifu wa marehemu kwenye kijitabu cha mazishi, chini ya picha aliyopigwa akiwa na tai. Hakuna mwana anayechukua kalamu mbele ya mgeni na kumpunguzia baba yake namba. Kwao fomu ile ilikuwa barua ya kumwombea mzee nafasi, nao waliiandika vizuri.

"Na wewe andika tu hivyo," mume wangu akasema. "Mzee aende nyumbani, na wewe upumzike. Si umekuwa ukisema umechoka?"

Nilikuwa nikisema. Nilimpenda sana kwa kukumbuka, na kwa dakika ile hiyo hiyo nilitamani kumtupia mkasi.

Jumapili baada ya yeye kuondoka, nilikaa barazani na fomu juu ya meza ya cherehani. Mistari ilikuwa sitini. Mzee alikuwa upande wa pili akijiimbia wimbo wa kuswaga ng'ombe. Nilianza na mistari rahisi. Huzungumza na watu asiowafahamu: kushoto moja, kulia tano. Hupenda sana vitu vitamu: hapo sikuhitaji kufikiri. Hufuata utaratibu wa kila siku: kushoto tano, kwa kuwa mama mkwe alikuwa akisema angeweza kurekebisha saa kwa nyayo zake; kulia mbili.

Nilikwama kwenye mstari uliosema, huonyesha huruma mtu mwingine anapoumia.

Miaka mingi nyuma nilipoteza mimba iliyokuwa imekomaa. Watu walikuja. Wifi yangu alikuja akalia kuliko mimi, hadi nikawa ndiye ninayembembeleza. Mzee naye alikuja, kutoka Bokoli, na hakuingia hata langoni. Alisimama nje ya ua, upande wa barabara, tangu asubuhi hadi jua likawa kali. Nilimwona mgongo tu kupitia dirisha. Hakutuma salamu. Alipoondoka mume wangu alikuta langoni kuku wawili waliofungwa miguu na chupa ya maziwa iliyozibwa kwa kigunzi cha mahindi. Hilo ni ngapi? Kwa maneno aliyosema ni moja, na kwa jinsi nilivyolala siku hiyo ni tano, na fomu haikuwa na mahali pa kuandika yote mawili. Nilikaa na kalamu hewani mpaka wino ukanitia doa kidoleni. Mwishowe niliandika nne, nikajiona mwizi.

Upande wa kulia ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu ya jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Lilitokea majuma mawili kabla ya hospitali. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Mkanda wa cherehani ulikuwa umekatika, mume wangu hakuwa akishika simu, na sare za shule mbili zilikuwa zinangojewa. Niliingia jikoni kuchemsha chai ya mzee, nikakaa karibu na jiko nikaanza kulia, si kwa sababu ya mkanda wala simu, bali kwa sababu nilikuwa nimekaa chini na mwili ukapata nafasi. Chai ikachelewa. Nadhani alinisikia. Kwa miezi yote ile nilidhani mimi ndiye ninayemsikiliza yeye.

Alikuja uani kwenye mvua akaingia jikoni kwangu. Hakubisha. Alivuta kigoda akaketi mbele yangu, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mama, mikono yako iko baridi sana," akasema. "Hii nyumba imekuchosha."

Akaanza kuisugua, wa kwanza, kisha wa pili, jinsi ambavyo bila shaka alisugua ndama waliozaliwa kwenye baridi. Nilimtazama usoni. Ana macho ya kahawia iliyofifia, na baka jeusi chini ya jicho la kulia ambalo mwanangu wa pili analo pia, na ambalo siku zote tulishindwa kujua limetoka wapi. Sikuuondoa mkono wangu. Naandika hilo pia. Nilijua ni nini kinafanyika, nilijua ni mwiko, nikauacha pale, kwa sababu mwaka mzima hakuna mtu aliyeniambia kwamba nimechoka isipokuwa mimi mwenyewe.

Kisha aliachia mkono, akaliona bakuli la sukari. Alilichukua, akajitia vijiko vikubwa mdomoni, kimoja baada ya kingine, chembe zikimwagikia kidevuni, akicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kupitia ukuta ule wala mahali pengine. Alicheka akinitazama kama mtu asiyenijua. Halafu akaweka bakuli, akarudi chumbani kwake kwenye mvua. Nikapeleka chai, nikabisha mara mbili, nikageuza mgongo kama kawaida.

Sasa mstari wa mwisho wa fomu uliniuliza: Je, amewahi kuvuka mipaka ambayo zamani asingeivuka? Eleza.

Nilijua ninachoshika. Mistari mingine yote wana wangeweza kuibatiza upweke, au uzee, au jina lililoamka. Huu usingebatizika. Mzee wa Bokoli kumshika mkono mke wa mwanawe, jikoni, hilo hata mjomba wa majina angelinyamazia. Wakilisoma, wangempeleka kwa wazee wa ukoo, kungechinjwa, kungesemwa, na mtu aliyeishi miaka yote ile bila kutoa neno la bure angesimamishwa mbele ya watu akiwa hajui kwa nini. Na mimi pia ningetazamwa. Nisipoliandika, fomu yangu ingekuwa ya mzee aliyechangamka tu, na angerudi kwenye nyumba yake, kwenye jiko lake, na sukari yake, na barabara ya malori iliyo hatua chache kutoka langoni kwake. Jamaa angekuwa akipita kumwangalia. Nami ningelala.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kingine. Kitu kimoja chema nilichotendewa mwaka ule, fomu ilitaka nikiweke kwenye orodha ya dalili. Nilikasirika. Nilimkasirikia yule binti na mafua yake, na mafungu yake matano. Nilijiuliza kama mzee yule aliyesimama nje ya ua na kuku wake hakuwa na maneno yale yale tangu zamani, yamefungiwa, na kama kilichovunjika ubongoni ni kufuli tu. Lakini kila nilipotaka kuandika moja na moja, na kuikunja karatasi, nilikiona kile kicheko na sukari kidevuni. Mtu yule hakuwa wa kuachwa na moto.

Niliandika yote. Niliandika mikono, kigoda, sukari. Niliandika kwa maandishi madogo, nikaishiwa na nafasi, nikageuza karatasi.

Jumatatu binti aliisoma mbele yangu. Alipofika nyuma ya karatasi alisoma polepole zaidi.

"Alipokushika mkono, ulisikiaje?"

"Vizuri," nikasema, nikafuta macho kwa kiganja.

Alininyooshea kitambaa kimoja katika vile vyake. Akasema hicho kisa kitabaki kwenye faili, hatawasomea wana, atawaambia tu kilichothibitika. Na ndivyo alivyofanya. Aliwapigia simu akasema fomu mbili hazikuonyesha mabadiliko yoyote, moja imeonyesha makubwa, na kwa kuwa hiyo moja ni ya anayekaa na mzee, ndiyo atakayoifuata. Mzee asiishi peke yake. Aende Eldoret akapigwe picha ya kichwa. Baada ya miezi sita fomu zijazwe tena.

Shemeji alinipigia kabla sijafika nyumbani.

"Shemeji, si ungetuuliza kwanza?"

"Fomu ilisema kila mtu ajaze yake."

"Sawa. Lakini sasa ujue ni wewe umesema akae. Usikuje kutuambia ati umechoka."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na mfuko wa uzi mkononi, bodaboda zikinipigia honi nipishe. Nilipisha.

Mume wangu hakunigombeza. Jumamosi aliuliza tu niliandika nini, nikamwambia niliyoyasikia, ya jikoni nikayaacha, naye akaenda kwa baba yake kumpa habari. Nilisikia kupitia ukutani sauti yake ikiongea sana na ya mzee ikikosekana. Jumapili mzee hakugonga ukuta. Sinia nililikuta limeguswa nusu.

Jumatatu nilipeleka chai, nikarudi kwenye mashine. Nilikuwa nikitia kola kwenye shati la tatu aliponigongea.

"Mama."

"Naam, Baba."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

Nilingoja lile swali la pili. Halikuja.

"Huyu kijana amesema ni wewe uliandika nisiende."

Niliinua mguu kwenye mashine. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kilio. Mtu huyu alikuwa na nyumba aliyoijenga mwenyewe na kaburi la mkewe mbele yake, nami nilikuwa nimemfungia njia kwa kalamu.

"Ni mimi, Baba."

"Na hao wenyewe, waliandika niende?"

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Nilimsikia akipuliza chai, akinywa, akiweka kikombe.

"Hao ni watoto wangu, na wameandika niende. Wewe si mtoto yangu, na umeandika nibaki."

Nilinyoosha kola juu ya mashine.

"Basi ni wewe unanipenda. Si ndiyo?"

Sauti yake ilikuwa na furaha. Ilikuwa imelainika kama ya mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali, na nikajua kwamba kama ningemwambia nilivyoomba aondoke, asubuhi baada ya asubuhi, hapa hapa kwenye kiti hiki, isingekuwapo fomu ya kupima ubaya ambao ningekuwa nimemtendea. Nilikuwa nimejaza mistari sitini bila kudanganya hata mmoja.

"Ndiyo, Baba," nikasema, nikakanyaga cherehani kwa nguvu asije akaniuliza tena.